Resori inabeba, mafuta inatuliza: kuchagua mafuta ya amotisere ya mbele ya moto



Somo letu la safari hii linatoka shambani na kuingia garaji. Tutazungumza amotisere ya mbele ya moto, zile miguu mbili zinazoshika gurudumu ya mbele, ambazo wengine wanaita furushe. Zaidi tutazungumza mafuta inayokaa ndani yake. Wengi wetu tunajua saa ya kufanya vidanje ya moteri. Lakini mafuta ya amotisere, moto nyingi zinazeeka nayo ileile iliyotoka nayo kwenye kartoni.

Sababu gani gazeti la wakulima linaingia mambo haya?

Fikiri kahawa. Matunda mekundu iliyovunwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala ndani ya mifuko, inaanza kuchacha, radha ya kikombe inaharibika, na mnunuzi anakata bei. Mu vilima vya Kalehe kuna mashamba mengi ambako kamyo haifike. Moto njo inateremusha kahawa mpaka kituo cha kuosha. Ni vilevile kwa maziwa ya Masisi, mayai, na nyanya inayovuka mashimo yote mbele ya kufika soko. Moto ikiharibika njiani, mavuno ya siku inaharibika pamoja nayo.

Halafu kuna motari mwenyewe. Anateremka kilima na kilo mia nyuma yake, na njia imelowana. Kitu kinachomlinda ni gurudumu ya mbele kugusa udongo saa yote. Gurudumu inayorukaruka haishike, hata kama freni ni mupya. Kazi ya kuirudisha chini haraka na kuizuia isiruke tena inafanywa na amotisere. Kwa hiyo mafuta ya amotisere ni jambo la usalama.

1. Ndani ya mguu wa amotisere kuna nini?

Kwenye moto tunazotumia sana huku kwetu, kama vile TVS, Boxer, Haojue au Senke za kubebea mizigo, mara nyingi mguu uko na vitu hivi: bomba la chuma linalong'aa, ambalo linaingia na kutoka ndani ya mguu wa chini, resori ndefu, kijiti chenye matundu madogo, mafuta, na juu ya mafuta, nafasi ya hewa. Kwenye mdomo wa mguu wa chini kuna mpira wa kuziba, ule mafundi wanaita spi. Kazi yake ni kuzuia mafuta isitoke na vumbi isiingie.

Gurudumu ikikuta jiwe, bomba linaingia ndani, resori inajikunja. Mafuta inasukumwa ipite mu yale matundu madogo. Kupita kwake ni kwa shida, na ile shida njo inapunguza nguvu ya pigo. Kisha resori inataka kufunguka kwa haraka. Tena mafuta inapaswa kupita mu matundu, na tena inaipunguzia mwendo. Bila mafuta, resori ingekuwa inapiga juu na chini kama kitanda cha zamani.

Tushike neno hili vizuri, juu somo lote linasimama hapo: resori inabeba, mafuta inatuliza. Uzito wa moto, wa motari na wa mizigo unabebwa na resori, na hewa iliyo juu ya mafuta inasaidia kidogo. Mafuta haibebe uzito. Mafuta inaamua mwendo tu: amotisere ishuke haraka kiasi gani, na ipande haraka kiasi gani. Pia inalainisha vyuma vinavyosuguana.

2. Mizigo mizito haitake mafuta mazito

Kwenye garaji nyingi utasikia motari akisema: "Papa fundi, unitilie mazito, juu niko nabeba mizigo mingi." Fundi anamtilia mafuta ya moteri ya 20W-50. Motari anasukuma gido, anaona amotisere imekuwa ngumu, anafurahi. Anafikiri amepata nguvu.

Angalia kinachofuata njiani. Gurudumu inaanguka kwenye shimo la kwanza, amotisere inashuka. Mafuta mazito inapita polepole mu matundu, kwa hiyo amotisere inachelewa kurudi juu. Mbele ya kufika juu, shimo la pili limefika. Inashuka tena kidogo. Shimo la tatu, la ine. Baada ya mashimo kadhaa, amotisere imebaki chini, haina tena nafasi ya kucheza. Sasa kila jiwe linapiga moja kwa moja mu gido, mu mikono ya motari, mu shasi, na mu tomati zilizo nyuma. Gurudumu inaruka juu ya mawe pahali pa kuyafuata. Tena mafuta mazito inasukuma kwa nguvu kubwa ndani ya mguu, na pahali pepesi pa kutokea ni kwenye spi.

Jambo lingine: mizigo mingi iko nyuma ya kiti. Uzito wake mkubwa unakalia amotisere za nyuma, na mbele kunabaki kwepesi. Kwa hiyo kuweka mafuta mazito mbele sababu ya mizigo ya nyuma ni sawa na kumwagilia shamba la jirani.

Kama amotisere ya mbele inagonga chini kila mara, na mafuta ni ya kufaa na kiasi chake kiko sawa, basi tafuta sababu mahali pengine: resori imechoka, ao mizigo imepita kipimo cha moto. Resori inabadilishwa. Mizigo inapunguzwa. Hakuna bidoni ya mafuta inayotengeneza mambo hayo mawili.

Na mafuta mepesi kupita kiasi? Hapo unapata ugonjwa wa upande mwingine. Ukishika freni, mbele ya moto inainama kwa ghafla. Ukiachilia, inaruka. Kwenye kona ya mteremko, moto inayumba kama mtumbwi. Mafuta ya kufaa iko katikati.

3. Kusoma namba kwenye bidoni

Mafuta ya amotisere inauzwa na namba 5W, 10W, 15W ao 20W. Namba ikipanda, mafuta ni mazito zaidi. Moto nyingi za kazi zinatumia kati ya 10W na 20W. Lakini kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza: 10W ya amotisere na 10W-30 ya moteri si ndugu. Namba ya moteri inapimwa kwa njia nyingine. Ile 10W ya moteri inaelezea mafuta ikiwa kwenye baridi kali. Usichague kwa kuona "10W" peke yake.

Mtego wa pili: makampuni hayafanane. 10W ya kampuni moja inaweza kukaribia 15W ya kampuni ingine. Kipimo cha kuamini ni kile kinachoandikwa cSt kwenye joto la 40 °C. Kinasema namna mafuta inavyopita. Kikiwa kidogo, mafuta ni mepesi. Tazama ulinganisho huu, namba ni za karibu:

– Mafuta ya amotisere 10W: kama 30 na kitu.
– Mafuta ya amotisere 15W: kama 45.
– Mafuta ya gia za otomatiki, inayoandikwa ATF (mara nyingi nyekundu): kati ya 30 na 40.
– Mafuta ya hidroliki ISO VG 32: 32. ISO VG 46: 46. Hapa namba yenyewe njo cSt.
– Mafuta ya moteri 15W-40: inapita 100.
– Mafuta ya moteri 20W-50: mara nyingi inapita 150.

Unaona sasa ile 20W-50 ya motari wetu? Ni nzito mara ine ao tano kuliko 10W ya amotisere.

4. Hatua za kuchagua

Kwanza, kitabu cha moto. Kile kitabu kidogo kinachokuja na moto mupya kisitupwe. Kikae mu biro ya koperative pamoja na karatasi za moto. Ndani yake mara nyingi utapata aina ya mafuta na kiasi kwa kila mguu. Kama kitabu kinataja ATF ao mafuta mepesi ya moteri, fuata kitabu. Wahandisi walipima matundu kwa mafuta ile. Kama kitabu kimepotea, uliza duka linalouza moto za alama hiyo, ukitaja jina kamili na mwaka wa moto.

Pili, hali ya hewa. Mafuta inakuwa nzito kwenye baridi na nyepesi kwenye joto. Moto inayofanya kazi mu uwanda wa Ruzizi haina asubuhi sawa na moto ya Lubero ao ya Masisi. Kama kitabu kinatoa namba moja tu, shika hiyo popote. Kama kinatoa nafasi ya kuchagua, tuseme 10W ao 15W, wa milima ya baridi achukue nyepesi, na wa uwanda wa joto achukue nzito.

Tatu, kilichoko sokoni. Kama mafuta ya amotisere imekosekana kabisa, ATF ao mafuta safi ya hidroliki yenye cSt inayokaribia ile ya kitabu inaweza kusaidia. Inunuliwe mu bidoni iliyofungwa, yenye maandishi inayosomeka. ISO VG 32 inakaribia 10W, ISO VG 46 inakaribia 15W. Mafuta ya hidroliki inatumiwa na mashine za kutengeneza barabara, kwa hiyo mu miji mikubwa haikosekane.

Nne, kuchanganya. Ukiwa na 10W na 20W za kampuni moja na za aina moja, nusu kwa nusu itakupa kitu kinachokaribia 15W. Lakini usichanganye aina mbili usizozijua.

5. Mafuta isiyoingia kamwe

Mafuta ya freni: inakula mipira ya kuziba isiyotengenezwa kwa ajili yake, na inatoa rangi ya moto. Usiiweke.

Mafuta iliyotoka kwenye vidanje ya moteri: iko na unga wa chuma na moshi wa moteri. Kila safari inasugua bomba na spi kama mchanga.

Mawese ao mafuta ingine ya kupikia: kila mama wa nyumba anajua mawese inaganda asubuhi ya baridi. Ndani ya amotisere itaganda vilevile, na kwa joto itaharibika na kunata.

Grisi: haiwezi kupita mu matundu. Pahali pake ni kwenye beringi.

6. Kipimo cha tube ya biki

Muuzaji anakuletea mafuta mu chupa isiyo na maandishi, anasema "ni ya amotisere." Uamuzi mzuri ni kuiacha. Lakini kuna kipimo cha kuonyesha memba kwa macho uzito wa mafuta ni nini.

Chukua chupa ndogo ya plastiki, ukate kitako chake. Toboa kifuniko, upitishe ile tube nyembamba ya wino ya biki iliyokwisha, ikiwa imesafishwa vizuri. Ziba pembeni kwa gundi. Geuza chupa kifuniko chini. Tia mafuta unayoijua, kwa mfano 10W ya amotisere, mpaka alama. Hesabu sekunde inayotumia kushuka mpaka alama ya pili. Safisha, kisha rudia na mafuta ingine, kwa alama zilezile, kivuli kilekile, saa ileile. Kama ya kwanza ilitumia sekunde 50 na ya pili 100, basi ya pili ni nzito karibu mara mbili. Jaribu na 20W-50 ya moteri, mutakaa mukingoja.

Kipimo hiki hakionyeshe kama mafuta ni safi ao kama ina dawa za kulinda chuma. Kinaonyesha wepesi wa kupita tu.

7. Kubadilisha mafuta bila kuharibu

Kazi hii ifanywe na fundi, lakini mwenye moto asimame pale aone.

a) Simamisha moto pahali sawa, inua mbele kwa mti ao tofali nzito chini ya moteri, hakikisha haiwezi kuanguka.
b) Legeza kwanza bulo ya kando inayobana bomba pale juu, kisha legeza kifuniko cha juu cha bomba mbele ya kutoa mguu. Resori inakisukuma kifuniko kwa nguvu: kigandamize kwa kiganja, uso uwe mbali.
c) Toa gurudumu, gadabu na miguu. Toa resori. Pindua mguu juu ya chombo, sukuma bomba ndani na nje mara kumi hivi, uache mafuta imwagike yote.
d) Angalia kilichotoka. Kijivu ao cheusi: chuma kinaisha. Kama maziwa: maji imeingia. Kidogo kupita kiasi: spi inavuja.
e) Pangusa bomba, lipitishie kidole. Kama kuna kutu ao mkwaruzo, spi mupya itakatika tena kwa muda mfupi.
f) Tia mafuta kwa kipimo. Moto nyingi za cc 100 mpaka 150 zinataka kati ya ml 100 na 200 kwa kila mguu, lakini namba kamili ni ya kitabu. Miguu yote mbili ipate sawasawa. Sirinji ya mifugo ya ml 50 ni kipimo kizuri: tatu ni ml 150. Ila ikishatumika kwa mafuta, isirudi tena kwa ng'ombe. Iwekee alama. Na chupa ya dawa ya mimea isitumike kamwe kwa kazi hii.
g) Sukuma bomba polepole ndani na nje mpaka hewa itoke. Kama kitabu kinatoa urefu kutoka mdomo wa bomba mpaka kwenye mafuta, pima resori ikiwa nje na bomba likiwa limeingia mpaka mwisho.
h) Rudisha resori, kifuniko, miguu na gurudumu. Kaza bulo zote.

Usiongeze mafuta "kidogo ya akiba." Mafuta ikizidi, nafasi ya hewa inakuwa ndogo, hewa inabanwa sana, amotisere inakuwa ngumu mwishoni, na spi inapasuka. Ikipunguka, amotisere inagonga chini.

Mafuta ya zamani isimwagwe kwenye shamba wala kwenye mto. Udongo uliokunywa mafuta hauzae vizuri kwa muda mrefu, na chini ya kilima kuna mtu anayechota maji. Ikusanywe mu bidoni moja iliyofungwa, na ipelekwe pamoja na ile ya vidanje kwa garaji inayoikusanya.

8. Kazi ya koperative

Tuhesabu pamoja. Moto moja yenye miguu ya ml 150 inakunywa ml 300. Lita moja inatosha moto tatu, na ml 100 inabaki. Motari akinunua peke yake, analipa lita yote juu ya ml 300, ao anaomba fundi amtilie iliyoko. Pale njo 20W-50 inaingia. Koperative ikinunua lita zake pamoja, gharama ya kila moto inakuwa theluthi hivi, na kila mtu anajua kilichoingia mu moto yake.

Ratiba rahisi: fuata kilomita za kitabu. Kama hakitaji, tumia mara moja kwa mwaka ao kila kilomita 10 000, na mapema zaidi kwa njia za matope na vumbi. Fanyeni mbele ya msimu wa mavuno, si katikati yake. Mu daftari la moto andikeni tarehe, kilomita, aina ya mafuta, kiasi kwa kila mguu, na jina la fundi.

Na kila wiki, mtihani wa dakika mbili: shika freni ya mbele, sukuma gido chini kwa nguvu, uachilie. Amotisere inapaswa kushuka laini, kupanda mara moja na kutulia. Ikirukaruka, mafuta imepunguka ao ni nyepesi kupita kiasi. Ikipanda kwa uvivu, ni nzito sana ao bomba limepinda. Kisha pangusa bomba kwa kitambaa cheupe. Ukiona mstari wa mafuta, spi imeanza kufa. Usingoje, sababu mafuta ile inateremka mpaka kwenye freni na tairi.

Ya kukumbuka

– Resori inabeba, mafuta inatuliza.
– Kitabu cha moto njo cha kwanza. Baada yake tazama cSt.
– Mafuta ya moteri ya 20W-50 si dawa ya mizigo mizito.
– Miguu yote mbili: aina moja, kiasi kimoja.
– Mafuta safi tu, kutoka bidoni iliyofungwa.

Maswali ya kuzungumza mu mkutano

1. Kila moto ya koperative yetu iko na mafuta gani mbele? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
2. Mwaka uliopita, mavuno kiasi gani ilichelewa ao iliharibika sababu ya moto?
3. Nani atashika sirinji, daftari na bidoni ya mafuta, na nani atamkagua?

Jibuni swali la kwanza mbele ya mingine. Kama hakuna anayeweza kulijibu, kazi ya wiki hii inajulikana: anzeni na moto inayobeba mizigo mingi zaidi.